Nyungunyungu wa Migombani

Udongo wa migombani baada ya mvua una harufu yake, nzito na tamu kidogo, kama ya majani yaliyolala majini. Nyumbani kwetu Mwandiga harufu hiyo ilikuwa kali zaidi nyuma ya jiko, ambako mama alimwaga maji ya kuoshea vyombo na ardhi haikukauka hata kiangazi. Ndiko nilikokwenda na jembe masika yale nilipokuwa kidato cha pili, kwa sababu mwalimu wetu wa baiolojia alitaka kila mwanafunzi aje na nyungunyungu mzima wa kupasuliwa darasani. Nililipenda somo lile kuliko yote, na nilitamani siku moja mwalimu aniite mbele. Kwa hiyo nilichimba kwa uangalifu, nikiubomoa udongo kwa vidole nisije nikawakata, na kopo likaanza kujaa.

Mama alitoka jikoni, akasimama. Hakunigombeza. Alipiga magoti pale pale kwenye tope, akaanza kurudisha udongo shimoni kwa viganja, akausawazisha mpaka alama ya jembe ikapotea. "Ni wa nini hao?" aliuliza bila kunitazama. Nikamwambia. Aliinuka, akapangusa tope magotini. "Haya, wapeleke. Watakaobaki uwarudishe hapa hapa, si kwingine."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa barazani akichambua maharage, na ndiye aliyenieleza nilipopita kwenda kunawa. "Mdogo wako yuko pale ulipochimba," alisema kwa sauti ya chini. "Yule wa kabla ya Asha. Alizaliwa kimya." Asha ndiye mdogo wangu anayenifuata; wakati wa huyo wa kabla yake nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Mtoto wa namna hiyo kwetu hakuwekewa msiba. Wanawake wa jirani walimzika migombani mapema asubuhi, wanaume wakaenda shambani kama kawaida, na mama akakatazwa kulia, eti machozi yangewazuia watakaofuata. "Na wewe usimwulize," shangazi alimaliza, akarudi kwenye maharage yake.

Shule ilikuwa mjini, na wengi wa wenzangu walikuwa watoto wa wavuvi wa Ujiji. Walifanya kama walivyozoea nyumbani: walileta nyungunyungu waliokatwa vipande, tayari kwa ndoana. Mwalimu, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, alipita kati ya madawati akifunua makopo, uso ukizidi kukunjamana.

"Nilisema mzima. Nani amewaambia mkate?"

"Mwalimu, mzima ni hasara," alijibu kijana mmoja wa nyuma. "Samaki anamvuta, anaondoka naye."

Darasa likacheka. "Hapa hatuvui, baharia. Kaa chini."

Alipofika kwangu alitabasamu. Akachagua aliyekuwa mrefu kuliko wote, akamtumbukiza kwenye spiriti mpaka akatulia, kisha akaniita mbele nishike pini.

Ndiyo siku niliyokuwa nimeitamani. Wembe ulipita juu ya mgongo, ngozi ikafunguka pande mbili, nami nikaibana ubaoni pingili baada ya pingili kama nilivyoagizwa. Mwalimu alionyesha mishipa ya damu, akaonyesha firigisi, ngumu kama ya kuku, kisha akaupasua utumbo. "Tazameni alichokula. Udongo mtupu. Udongo wa kwao." Ulimwagika ubaoni, mweusi na laini. Wenzangu walisukumana kuona. Niliweka pini chini, nikarudi nyuma hatua moja.

"Unaogopa mnyoo?" mwalimu aliniuliza kwa upole.

"Hapana, mwalimu."

Kipindi kilipokwisha ubao ulifutwa kwa gazeti, na gazeti likatupwa kwenye shimo la taka.

Jioni niliwarudisha waliobaki. Mama alisimama mlangoni mwa jiko akiwatazama wanavyozama udongoni. "Ndio wote?" Nikamwambia mmoja amebaki shule. Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kupika. Hatukulizungumza tena.

Masomo sikuendelea nayo mbali. Mengi ninayoyajua kuhusu viumbe niliyasoma mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, kwenye vitabu vilivyokwisha kutumika. Najua sasa kwamba nyungunyungu huupitisha udongo tumboni na kuutoa ukiwa na rutuba, na kwamba migomba yetu ilistawi kwa sababu hiyo. Ni kweli, ila haijawahi kunisaidia lolote. Hivi karibuni binti wa jirani alijifungua hospitalini mtoto asiye na uhai. Muuguzi alimpa amshike. Mtoto akapewa jina, tukakaa msibani wanaume kwa wanawake, na yule binti akalia kadiri alivyotaka bila mtu kumnyamazisha. Mama yangu, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, hakuinuka mkekani mpaka watu wa mwisho walipoaga. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwuliza nilichokatazwa utotoni: yule wetu alikuwa na jina?

"Nilimpa," alisema. "Kimoyomoyo tu. Nililitunza miaka mingi, sina wa kumtajia. Sasa nalitafuta, silipati."