Mchezo wa Kupunga Mkono

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaowasema wazazi wanaowanyamazisha watoto kwa simu safarini. Kwa hiyo juzi, kwenye basi la asubuhi la Handeni kwenda Korogwe, nilifurahi kumsikia bibi mmoja akimfundisha mjukuu wake mchezo.

"Punga mkono dirishani, mume wangu. Mtu akikujibu, umepata bao."

Mtoto, wa miaka minne hivi, akapunga. Wakamjibu wenye baiskeli, wachunga mbuzi, mama mwenye ndoo kichwani. Kisha tukaingia kwenye shamba la mkonge. Sikuona mtu hata mmoja, lakini mtoto aliendelea kuhesabu.

"Saba. Nane. Tisa."

"Nani anakujibu?" bibi akauliza.

"Yule mama wa kanga nyekundu. Ni huyohuyo tu."

Nilicheka. Bibi hakucheka. Aliinua kiganja kama mtu anayeaga. "Anapunga hivi?"

"Hapana, bibi. Hivi." Mtoto akainamisha kiganja, akakunja vidole taratibu kuelekea kwake, kama mtu anayemwambia mwenzake njoo.

Bibi akafunga dirisha, akamfunika mjukuu kwa mtandio wake, na mpaka stendi ya Korogwe midomo yake haikuacha kusoma dua. Mimi msomi wenu nikavuta pazia la upande wangu.

Tangu siku hiyo nikimwona mzazi amempa mtoto simu garini, nanyamaza. Simu angalau inaonyesha anayepiga ni nani.