Sigara Niliyomnyima Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini Garsen, msimamizi wa kituo cha afya alinikabidhi hadubini na sanduku la vipande vya kioo, kisha akanipa sigara.

"Utaihitaji, Komora," akasema. "Makohozi ya watu hayana marashi."

Sote tulimwita Daktari. Mimi nilikuwa mpimaji wa maabara, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutafuta kifua kikuu. Unapaka makohozi kwenye kioo, unakipitisha motoni kikauke, unatia rangi, halafu unatazama: vijidudu huonekana kama vijiti vyekundu. Nikimaliza vioo vya asubuhi, mimi na Daktari tulikaa nyuma ya maabara tukavuta. Sitawadanganya, vijana. Ilikuwa tamu. Mabega yalilegea, mazungumzo yakaja yenyewe. Mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii nilifundishwa pale, katikati ya moshi.

Nilihamishiwa Hola kwa miaka minne. Niliporudi nilimkuta Daktari amekonda, anakohoa. Akanipa kikopo cha makohozi yake mwenyewe.

"Nipimie. Usimwambie mtu."

Nilikitazama kioo kile mara tatu. Hakukuwa na kijidudu hata kimoja. Nikamkimbilia.

"Daktari, huna TB!"

Tukacheka kama watoto, tukawasha sigara kushangilia.

TB tungeitibu. Ilikuwa saratani ya mapafu, na ilipogunduliwa Mombasa, miezi ilikuwa imeshapita.

Mara ya mwisho nilimtembelea kwake, kijijini Wema. Mkewe alikuwa amemwegemeza kwa mito ili apate kupumua.

"Unayo moja?" akaniuliza.

"Ninazo. Lakini sikupi, Daktari."

"Itanidhuru nini sasa, ndugu yangu?"

Sikumpa. Akageuza uso ukutani. Wiki ile ile tukamzika.

Niliacha kuvuta siku ya mazishi. Sasa nimestaafu, nalima ndizi Golbanti, na hadi leo kila nikimaliza chai huitamani sigara. Watu huniambia nilifanya vyema kumnyima. Mimi najua alisema kweli, isingemdhuru tena. Nilimnyima kwa kuwa nilijionea aibu kwa ile tuliyowasha tukishangilia. Ilikuwa aibu yangu mimi, na ndiyo iliyomkosesha rafiki yangu starehe yake ya mwisho.