Intaneti yangu hapa Tunduma ilikuwa inakufa alasiri, mpaka siku nilipomzuia fundi asiondoke

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni bibi, niko Tunduma. Humu huwa nasoma tu. Naona mnavyogombana mambo ya siasa na mpira, halafu nazima simu naenda kuchekecha unga. Leo naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Haya nimeyaona kwa macho yangu na mashahidi wapo hapa mtaani, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kuiweka.

Shule yangu iliishia darasa la nne kule Isansa, Mbozi. Nikikosea herufi wewe soma mbele. Na yule wa kuandika "bibi fupisha", apite uzi mwingine.

Twende.

Mume wangu alipofariki, shamba la kahawa niliwaachia wanangu, nikahamia mjini kwenye kinyumba chetu. Nakaa na mjukuu wangu Faraja. Amemaliza chuo, ajira hakupata, akajitafutia kazi ya kufundisha wazungu Kiswahili kwa video.

Mwanzo nilidhani ananidanganya. Siku moja nikasimama nyuma ya mlango, nikasikia mzee mzima wa huko Kanada anarudia "kijiko, vijiko, kikombe, vikombe" kama mtoto wa chekechea. Nikasema sawa, hii ni kazi.

Sasa mnaokaa mpakani mnanielewa. Simu hapa ukiigeuzia dirisha hili iko Tanzania, ukiigeuzia lile inakukaribisha Zambia. Bando linaisha hata hujasalimia. Kwa kazi ya Faraja hiyo haiwezekani, ndiyo maana tukavuta intaneti ya waya, hii faiba. Waya unatoka kwenye nguzo ya barabarani, unapita juu ya njia ya kuingilia ghala la mahindi la jirani, unaingia kwetu juu ya dirisha.

Mwanzo raha tupu. Mpaka kile kisanduku, ruta, nilikifumia kitambaa cheupe cha kukifunika kisiingie vumbi.

Halafu ugonjwa ukaanza.

Asubuhi intaneti inakimbia vizuri kabisa. Mchana ukishapinda, Faraja ameshavaa blauzi yake ya kufundishia (chini ana kitenge na kandambili, wazungu hawaoni huko), mara mwanafunzi anaganda mdomo wazi. Ukiangalia ruta, taa nyekundu. Unakaa, unakaa, jioni inarudi kijani yenyewe. Kesho yake labda haina shida. Keshokutwa tena.

Faraja akapiga customer care. Akazungushwa. Nikamwambia lete hiyo simu.

Akapokea binti ana sauti tamu, akaniambia mama zima ruta, subiri kidogo, halafu washa. Nikamwambia mwanangu, nimekizima na kukiwasha hiki kidude mpaka swichi imelegea, wewe niambie fundi anakuja lini. Faraja akafunika uso kwa mkono. Lakini fundi alipangwa.

Na hapa ndipo kwenye jambo lenyewe, someni taratibu.

Mafundi wanatoka Mbeya. Foleni ya malori ya kuingia Tunduma mnaijua. Ili wasikwame, wanakuja asubuhi mapema na wanataka kugeuza mapema. Kwa hiyo fundi anafika saa ile intaneti ni nzima kama mbuzi wa Pasaka. Anachomeka kipimo chake, anasema "Bibi, mbona iko sawa?" Hajavuka hata geti, ujumbe unaingia kwenye simu: ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa.

Limetatuliwa na nani?

Wa kwanza alisema ni kile kitambaa changu, kinazuia hewa. Nikakitoa, nikakikunja. Wa pili akasema ruta ikae mbali na televisheni. Mwingine akabadilisha ruta nzima. Mwingine akasema shida iko kwa wanafunzi huko huko Kanada. Huyo nilimsindikiza mpaka getini na mwiko mkononi, ingawa ugali wenyewe ulikuwa bado jikoni.

Siwasemi vibaya vijana. Wanapangiwa nyumba nyingi, kila mmoja anataka kumaliza foleni yake. Lakini daktari anayekuja saa mgonjwa amelala usingizi mtamu atajua nini?

Huku ndani mambo yakaanza kuwa mabaya. Wanafunzi wakapungua. Mama mmoja alimwandikia Faraja kwa adabu kabisa kwamba anampenda, ila anatafuta mwalimu ambaye hapotei katikati ya sentensi. Faraja aliusoma ule ujumbe kwa sauti, akacheka, halafu hakula.

Siku hizo hizo nikamsikia anaongea na rafiki yake aliyeko Dar. Chumba kipo. Intaneti ya huko haina shida. Faraja akasema ataamua mwisho wa mwezi.

Mimi hakuniambia neno. Ila aliniletea sweta yake ile nzito, akasema bibi vaa wewe, mimi siivai sana. Wakuu, huo ulikuwa mwezi wa sita. Nani anagawa sweta ukanda huu mwezi wa sita, kama si mtu anayekwenda kwenye joto?

Nikaipokea.

Nitawaambia wazi. Nyumba yangu bila yule binti ni kuta na redio.

Basi tukaripoti tena, akapangwa fundi mwingine, jina lake Ombeni. Kijana mwembamba, shikamoo yake ya kutoka moyoni, viatu kavulia mlangoni bila kuambiwa. Akachomeka kipimo. Nilikuwa nasubiri tu lile neno.

"Bibi, iko sawa."

"Najua. Kaa."

"Bibi, nina nyumba nyingine za kupitia."

"Kuku nimeshamchinja."

Kwetu Mbozi, neno hilo ni kufuli. Mgeni ukishaambiwa kuku amechinjwa kwa ajili yako, ukiondoka umeitukana nyumba pamoja na waliozikwa uwanjani. Na Ombeni ni mtoto wa kijijini huko Mbeya, amelelewa, analijua. Nilimwona anaangalia geti, anaangalia beseni lenye manyoya, anaangalia geti tena. Akakaa.

Nia yangu ilikuwa moja tu: alasiri imkute humu ndani.

Mitetea laini nilikuwa nao. Sikuwagusa. Nilimchukua jogoo mzee, yule aliyekuwa anawakimbiza wauza maandazi. Mkaa nikaweka kidogo. Kila Ombeni akichungulia jikoni nilimwambia bado ana damu huyu, utaumwa tumbo uniletee kesi.

Bosi wake akapiga. Nikamsikia anajibu kwamba bado yuko kwa mteja wa Tunduma, kuna changamoto kidogo.

Changamoto ilikuwa inakoroga mchuzi.

Tukaongea mengi. Nikamuuliza ukoo wao, shamba lao, kama ana mchumba. Akasema mchumba yupo ila baba wa binti ni mkali. Nikamwambia mkali ni mzuri, ujue anamthamini binti yake. Mchana ukapinda. Faraja akaingia chumbani kwake na blauzi yake, akafunga mlango, nikasikia ameanza somo.

Mimi katika maisha yangu sijawahi kuomba kitu kiharibike. Siku hiyo niliomba. Nilisema ee Bwana, kama kuna siku ya kutuaibisha, ni leo, wakati huyu yupo.

Ugali ukatua mezani. Ombeni akanawa, akakata tonge la kwanza, hajalifikisha kwenye mchuzi.

Chumbani Faraja akasema, "Unanisikia? Bado unanisikia?" Halafu kimya.

Nikaangalia ruta. Nyekundu.

Nikasema asante Mungu, kwa sauti. Faraja akatoka macho yamejaa machozi, akanikuta bibi yake nimenyanyua mikono juu. Aliniangalia kama nimerukwa na akili.

Ombeni alishasimama, tonge bado mkononi. Akachomeka kipimo, uso ukabadilika. Akasema mwanga haufiki, njiani kuna kitu. Akatoka nje mbio na sisi nyuma yake, macho juu, tunafuata waya.

Hatukufika mbali.

Pale njia ya ghala, lori limeingia linapakia mahindi, magunia yamepanda juu kuliko paa langu. Na waya wetu haukuwa mahali pake. Ulikuwa umevutwa pembeni, umekunjwa na kuning'inizwa kwenye msumari ukingoni mwa paa la ghala. Ukutani umeegemezwa mti mrefu wenye panda, wa kuunyanyulia.

Mkuu wa wapakiaji ni Baba Jose, tunafahamiana miaka. Huyu kwa kufanya biashara na watu wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, kila mama mtu mzima anamwita bamayo. Aliponiona akaja akitabasamu.

"Shikamoo bamayo. Usiwe na wasiwasi, waya wako hatujaugusa na lori. Tunautunza kuliko hata mizigo. Lori likija tunaunyanyua, tunautundika pale. Likitoka tunaurudisha taratibu."

"Tangu lini, Baba Jose?"

"Tangu mahindi yaanze kuingia. Wewe ulifikiri kwa nini haujawahi kukatika?"

Alisema kwa fahari kabisa, kama mtu anayesubiri kupewa ahsante.

Ombeni akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka akajishika mbavu. Ndipo akatueleza. Ndani ya ule waya kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na intaneti ni mwanga unaopita humo. Waya hata usipokatika, ukiukunja vile kwenye msumari mwanga unavujia pale pale, haufiki ndani. Malori yenyewe yanapakia mchana, maana asubuhi wanapima na kushona magunia. Jioni waya unarudishwa, mwanga unapita, na asubuhi fundi anakuta kijani.

Baba Jose akavua kofia. Akamwangalia Faraja aliyesimama pale na blauzi ya kazini na kandambili.

"Kumbe siku zote tulikuwa tunamnyonga mwalimu."

Faraja ndiye aliyeanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia anacheka hivyo muda mrefu.

Wakaushusha waya pale pale, lori likasubiri. Faraja akarudi ndani akikimbia. Yule mzee wa Kanada alikuwa bado anasubiri na vijiko vyake.

Lakini lori litatokaje? Ombeni akasema dawa ni nguzo ndefu zaidi katikati, waya upite juu ya mzigo wowote. Nguzo inaombwa ofisini, inapangiwa bajeti, inasubiri zamu. Nikamuuliza zamu inachukua muda gani. Akasema hata yeye hajui, wengine wanasubiri miezi.

Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu kuliko hiyo zamu.

Baba Jose akasema nyuma ya ghala ana milingoti mirefu iliyokauka, alikuwa anataka kujengea banda, achukue mmoja. Ombeni akasema hawezi kuufunga bila ruhusa. Akampigia bosi, bosi akaanza habari za utaratibu. Nikanyoosha mkono, nikapewa simu.

Sikupaza sauti. Nilimwambia, "Mwanangu, umetuma magari kwangu mara nyingi kuja kuangalia taa ya kijani. Leo kijana wako ameuona ugonjwa wenyewe. Ukimwita arudi sasa hivi, utamtuma tena wiki ijayo, na mimi kuku bado ninao."

Akacheka, akasema fungeni huo wa muda kwanza, wa ofisi utafuata.

Wapakiaji walichimba shimo dakika chache tu, watu wa magunia hawana mchezo. Ombeni akapanda, akafunga, akavuta waya ukawa juu. Lori likatoka chini yake na mzigo wote, tumesimama wote tunaangalia juu kama watu wanaotafuta ndege. Halikugusa.

Ugali ulikuwa umepoa, nikasonga mwingine. Wakala wote, na Baba Jose. Jogoo alikuwa mgumu kama tairi, na hakubaki hata shingo.

Nguzo ya ofisi mpaka leo haijafika. Mlingoti upo. Lori likija siku hizi Baba Jose anatuma salamu kwanza, mwalimu yuko hewani? Wanafunzi wengine wamerudi, na wapya wamekuja.

Juzi nilikuwa uani nachambua maharage, nikamsikia Faraja kwenye simu na yule rafiki wa Dar. Akamwambia chumba mpe mtu mwingine, mimi nina kazi huku.

Sikuinua kichwa. Maharage yale niliyachambua mara mbili, sikuona hata jiwe moja.

Nilichojifunza, wakuu: ugonjwa unaokuja na kuondoka hautibiwi na mtu anayekuja na kuondoka. Mbakize fundi mpaka saa yake ya ugonjwa ifike, kwa chai, kwa maneno, kwa lolote ulilo nalo. Na usimkasirikie jirani mapema. Wale walikuwa wanatutunzia waya kwa moyo wote, hawakujua tu una nini ndani.

Haya, semeni na ninyi yaliyowakuta na mafundi wa intaneti, nasoma zote, za matusi nafuta. Ila kabla hujaandika, toka kwanza nje, fuata waya wako kwa macho mpaka mwisho.