Mbwa wa Walidi Alipokaa Chini

Mdogo wangu Walidi alipokuja na mbwa Kismayu, nilimwambia asikanyage kizingiti changu mpaka ajitwaharishe. Sikuwa natania. Sisi ni Wabajuni, watu wa kisiwa cha Chovae. Mate ya mbwa kwetu huoshwa kwa maji saba, moja la udongo, na ndugu yangu amerudi kutoka kambini Kenya na kazi ya kushinda akirambwa mikono! Nikamwekea kopo la udongo nje ya mlango. Alicheka sana. "Dada Swabra, wewe utanizika na kopo hilo."

Alikuwa mshika mbwa wa kunusa mabomu, kwenye lango la yadi moja karibu na bandari. Mbwa mwenyewe, Bruno, alikuwa wa Kibelgiji, rangi ya mchanga, uso mweusi, na hakujua kutulia. Siku asiyofanyishwa kazi alitafuna ndoo, kamba, hata kiti cha bajaji ya jirani. Kwa hiyo kila baada ya sala ya alfajiri Walidi alikimbia naye ufukweni mpaka wote wawili wakatoa ulimi. Kisha alipanga makopo kumi, moja lina harufu ya baruti. Bruno akilipata alikaa kitako mbele yake, kimya, hatikisiki. Hapo Walidi alirusha mpira na kupiga kelele aulete, "Lecha!"

Amri zote alimfundisha upya kwa Kibajuni. Akitaka mbwa aache kitu aendelee mbele alimwambia "picha", maana ndivyo tusemavyo sisi, wanaposema wengine "pita". Mkufunzi wake Mkenya alidhani wanataka kupigwa picha. Lakini mkufunzi huyo huyo alimwonya kwa jambo moja: mbwa akikaa, mwamini, ukimvuta, umemharibu. Walidi alinisimulia hayo mara mia, na mimi nilimwambia mara mia sitaki habari za mbwa.

Siku ile, karibu na adhuhuri, mzee Athmani alifika langoni. Alikuwa fundi wa mashua, mtu wa kwetu Chovae, aliyefanya kazi na marehemu baba. Alikuja kutengeneza mashua iliyokuwa yadini, na alibeba sanduku lake la zana, limelowa sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mashua. Alinuka sifa tangu nimjue.

Bruno alinusa sanduku, akakaa.

Walidi aliona haya. Walinzi wakigeuka tu, wataona mbwa amemkalia mzee wa kwao! Akajiambia ni sifa tu, mbwa amechanganyikiwa na uvundo. Mzee Athmani naye alikwisha kuliweka sanduku chini. "Nifungue, mwanangu?" aliuliza, mkono uko kwenye komeo. "Hata, mzee," Walidi akasema, "wewe mchu wechu." Akaukutua mkanda wa mbwa, mvuto mmoja wa ghafla. "Picha, Bruno." Mbwa akamtazama, akasubiri mpira, hakuupata. Akapita.

Sanduku lilipolipuka, Walidi alikuwa bombani, ananawa kwa ajili ya sala. Alikuwa kwenye maji ya nne. Mzee Athmani alikufa pamoja na wapagazi wawili.

Wakubwa wa yadi walimuuliza swali moja: mbwa alikaa? Walidi akasema hakukaa. Basi wakataka mbwa apimwe. Makopo yakapangwa, Walidi akashika mkanda. "Nilimkutua, dada," aliniambia, amechutama nje ya mlango wangu, uso umemsawijika. "Alikuwa anaanza kukaa. Nikamkutua kidogo tu, hawakuona. Akapita." Wakasema mbwa hana pua. Wakampiga risasi nyuma ya ghala. Walidi wakamwacha na kazi yake.

Mimi sikuwahi kumpenda mbwa yule, lakini nililia, na nilimtukana ndugu yangu matusi nisiyoweza kuyaandika.

Mjini ikawa wimbo kwamba mzee Athmani alikuwa mmoja wa walipuaji, amelibeba bomu akijua. Nani alilitia sandukuni, sijui. Ninajua kwamba mtu anayejua amebeba nini haombi kulifungua sanduku. Alilijua hilo Walidi, nikalijua mimi aliyenisimulia, basi.

Wiki ya tatu alikuja mjane wa mzee, Kaltuma, kutoka Chovae. Hakuna aliyemkalia matanga waziwazi, watu waliogopa. Alikuja kwetu kwa kuwa Walidi ndiye aliyesikia maneno ya mwisho ya mumewe. Alikaa mkekani, hakuvua buibui.

"Walidi, mwanangu. Mchu wangu aliamba nni?"

Walidi alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, namwombea aseme. Wallahi nilimwombea.

"Alinisalimu tu, mama. Akapita."

"Hakukwambia kitu? Hata kuhusu hilo sanduku?"

"Hakuniambia."

"Basi huenda ni kweli wasemayo," Bi Kaltuma alisema, "miaka arubaini nami sikumjua."

Nikainama, nikamjazia kikombe, nikamuuliza kama anatumia sukari.