Vidole Viwili Shavuni

Anayetaka kusimulia habari za Nalianya kwa ukweli aanze na redio. Majirani wake wa ploti hulaumu feni, wengine hulaumu stima iliyopotea siku ile, lakini redio ndiyo iliyomfanya mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aingize mkono mahali ambapo hata mtoto angeogopa.

Nalianya ni karani wa mizani kwenye machimbo ya mawe, nje kidogo ya Kitengela. Lori linapanda mizani, yeye anasoma uzito, anaandika, lori linashuka. Alitoka Webuye akiwa kijana, akapanga nyumba ya vyumba viwili, akajikokota mpaka akanunua gari kuukuu lililotoka Japani, na humo garini kulikuwa na redio aliyoipenda kupita kiasi. Usimcheke. Nyumbani kwake hakukuwa na sauti. Mkewe, Nakhumicha, ni kiziwi tangu akiwa na miaka minne, naye ni mwalimu wa watoto viziwi mjini Kajiado. Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao wamezungumza kwa mikono. Wamegombana kwa mikono, wamesengenya majirani kwa mikono, wamesali kwa mikono. Mtu wa namna hiyo akiingia garini asubuhi na kusikia watu wakibishana kuhusu mpira, hujiona kama aliyepata wageni.

Viziwi hupeana majina yao wenyewe, mbali na yale ya ubatizo. La Nakhumicha alipewa na wenzake wa shule: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikigusa shavu mara mbili, pale panapoingia kishimo anapocheka. Nalianya alipojifunza lugha ile ili aweze kumposa, hilo lilikuwa neno lake la kwanza. Alilisema kwa mkono wa kulia kila siku ya Mungu, hata akiwa amebeba sufuria la uji.

Turudi kwa redio. Ilikuwa na kiburi chake. Ukitoa waya wa betri hata kwa dakika moja inajifunga, inaandika maandishi ya Kijapani na kudai kadi iliyobaki huko ilikotoka. Ilimfanyia hivyo mara moja, akaendesha gari kimya miezi minne kabla ya kumpata mtu wa kuifungua. Akaapa kwamba betri hataigusa tena. Kila fundi wa mtaani anajua kwamba ukitaka kuchezea nyaya za gari unaanza na betri. Nalianya alijua pia, wala si kwamba hakuambiwa. Badala yake akajitungia sheria: boneti ikiwa wazi, ufunguo uko mfukoni mwake. Aliiamini sheria hiyo jinsi watu wanavyoamini kufuli, na kwa miaka miwili haikumwangusha.

Majuma matatu kabla ya Jumamosi ile alikwama kwenye msongamano wa magari katika barabara ya Namanga. Mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, na feni imekufa ganzi. Akafungua boneti papo hapo, akakata plagi ya feni, akaunganisha nyaya moja kwa moja na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Dairekti, kama wasemavyo mafundi. Kuanzia hapo feni ilizunguka mara tu ufunguo ulipowasha umeme wa gari, injini iwe inanguruma au imelala. Magari mengi huku kwetu yanatembea hivyo. Alikusudia kurekebisha wikendi hiyohiyo. Hakurekebisha, wala hakumwambia mkewe, kwa kuwa aliona ni mambo ya nyaya tu. Hapo ndipo ninapomkasirikia.

Nakhumicha ndiye aliyegundua kwamba feni inaumwa. Alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya dashibodi wanapotembea, na gari hilo alilifahamu kwa ngozi kuliko mumewe alivyolifahamu kwa masikio.

"Huko mbele kuna kitu kinatetemeka," mikono yake ilisema walipokuwa wakimngoja mchungaji avuke na ng'ombe wake.

"Ni barabara," akajibu kwa mkono mmoja.

"Tumesimama, Nalianya. Barabara inatetemekaje tukiwa tumesimama?"

Akatega sikio, akasikia. Beringi ya feni ilikuwa inasaga. Akaahidi kuitoa Jumamosi.

Jumamosi ikafika, na stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Transfoma ya mtaa ililipuka, nyumba zote zikawa kimya, hata saluni ya jirani. Alasiri gari lilikuwa limeshapoa, Nalianya akafungua boneti na kutandaza gunia chini. Opiyo wa nyumba ya tatu, fundi wa kuchomelea mageti, akaja kumwazima spana namba kumi.

"Battery umetoa?" Opiyo akauliza.

"Redio italock, bana."

"Heri redio ilock."

"Ufunguo niko nayo." Akapiga mfuko wa suruali mara mbili, ufunguo ukalia. "Ikiwa hapa, nani atawasha?"

"Sawa, baba. Ni gari yako." Opiyo hakupenda, lakini akaenda zake kumtafutia mpini mrefu wa kufikia boliti za chini.

Nyuma ya mlango wa nyumba, kwenye msumari, ulining'inia ufunguo wa pili. Nalianya mwenyewe ndiye aliyeutundika. Stima inapopotea, Nakhumicha huchukua ufunguo huo na kwenda kuchaji simu garini, na kwa kuwa tundu la kuchajia limechoka, lazima azungushe ufunguo mpaka hatua ya pili, ile inayowasha umeme wote wa gari. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, kwa idhini kamili, zamani kabla ya nyaya kuunganishwa. Na kila Jumamosi saa kumi ana miadi isiyovunjwa: kuzungumza kwa video na Ajwang, rafiki yake wa shule anayeishi Kisumu. Siku hiyo simu yake ilikuwa inakaribia kuzima.

Nalianya alipanga kukata nyaya mwisho, feni ikiwa imelegea, ili zisimchanganye. Boliti ya kwanza ikatoka vizuri, na ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na kutu. Ilikataa, ikakataa, halafu ikaachia ghafla na kudondokea ndani ya kava la feni, chini ya panga zake. Aliisikia ikigonga plastiki. Akalivuta kava kwa mkono wa kushoto kulitenga na rejeta, akapenyeza mkono wa kulia katikati ya panga mpaka kwenye kifundo. Ncha za vidole zikagusa boliti. Akiachia mkono wa kushoto, kava lingerudi na kumbana. Mikono yote miwili ikawa mateka.

Akasikia mlango wa nyumba. Akasikia malapa. Aliyajua malapa hayo, akadhani yanakwenda kwenye kamba ya nguo, akaendelea kuvuta boliti kwa kucha. Malapa yakaja karibu. Mlango wa gari ukafunguka.

Hapo mambo yakamjia moja baada ya jingine, kwa utaratibu wa kutisha: msumari, ufunguo wa pili, hatua ya pili, nyaya.

Boneti ilikuwa imesimama wima kati yao. Yeye hakumwona mkewe, na mkewe hakumwona yeye. Nakhumicha aliona gunia halina mtu, akadhani mumewe amekwenda kwa Opiyo. Mtu mwingine yeyote angesikia. Ili Nalianya amwambie mkewe neno lolote alihitaji mikono, na mikono ilikuwa ndani ya feni. Akafungua kinywa.

"Nakhumicha!"

Miaka kumi na mmoja hakuwa amelitamka jina hilo kwa sauti kumwita mwenyewe. Mbwa wa ploti ya pili wakabweka. Opiyo, akiwa mlangoni kwake na mpini mkononi, akasikia na kuanza kukimbia. Mama mmoja akachungulia dirishani. Wote walisikia isipokuwa mmoja.

Akakumbuka desturi ya nyumbani. Ukitaka kumwita unakanyaga sakafu, naye anahisi kwa nyayo. Akapiga bampa teke kwa nguvu zake zote huku akijaribu kuchomoa mkono, kava likambana. Nakhumicha, kitini, alihisi pigo lile. Alisema baadaye kwamba alijiuliza ni nini. Lakini kiganja chake kilikuwa kimeshaanza kuzungusha ufunguo.

Feni haikuvuma. Ilishtuka, ikakwama. Na hapa lazima tumpe mwanamke huyu haki yake, maana wengi wanasimulia nusu tu. Alihisi kwenye nyayo na mgongoni mota ya feni inahangaika dhidi ya kitu laini, akachomoa ufunguo kabla hajajua ni kwa nini. Daktari alisema ingeendelea kidogo tu, kiganja kizima kingekwenda. Kilichokwenda ni vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Opiyo ndiye aliyewapeleka hospitali. Opiyo tena ndiye aliyeimalizia feni juma lililofuata, akafunga mpya yenye plagi yake. Alianza kwa kutoa betri. Redio ikajifunga, na hakuna aliyeitaja.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na bora ungekuwepo. Nakhumicha alirudi kutoka Kajiado kila jioni, akapika, akambadilishia bandeji, akakaa. Mikono yake ikiwa haina kazi aliificha katika mifuko ya sweta. Nalianya alijaribu kwa mkono wa kushoto, akibabaika kama mtoto: "Kosa ni langu. Nyaya sikukuambia." Mkewe akageuza uso ukutani. Kwa kiziwi, kugeuza uso ni kuziba masikio, na Nalianya alijua hivyo, ikamuuma kuliko jeraha. Usiku alilala macho, akisikiliza pumzi za mkewe, akiwa na hakika kwamba kuna kitu kinaondoka humo ndani ya nyumba polepole na yeye hana la kukizuia. Jina la mkewe hakuthubutu kulisema. Kwa kushoto aliona ni kama kumwita mwanamke mwingine, na kwa kulia aliogopa kumwonyesha kila siku pale palipopungua.

Majuma matano yakapita hivyo.

Jumamosi ya sita, saa kumi, Nakhumicha aliegemeza simu kwenye kopo la sukari akampigia Ajwang, mara ya kwanza tangu siku ile. Nalianya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, nyuma yake, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa. Hakupenda kudukiza mazungumzo, lakini alipoiona mikono ile nje ya mifuko alishindwa kuondoka.

Kwenye kioo kando ya Ajwang alikaa msichana mgeni, mwalimu mpya aitwaye Valerie. Ajwang akamjulisha, kisha Valerie akamuuliza Nakhumicha, kwa adabu, jina lake la ishara.

Nakhumicha akainua mkono wa kulia. Akakunja kidole cha shahada na cha kati mpaka vikalala kiganjani, akagusa shavu kwa vifundo vyake, mara mbili.

Valerie akarudia, ila kwa vidole viwili vilivyonyooka. Pengine aliwahi kuliona hivyo mahali. Ajwang naye, kwenye kioo, alikuwa amekunja uso asielewe. Nakhumicha akatikisa kichwa. Akakunja tena vidole vyake, taratibu, kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza, akagusa shavu mara mbili, akangoja mpaka wote wawili wakapatia.

Nalianya akakanyaga sakafu mara moja. Mkewe alipogeuka, akafungua kitambaa, akainua mkono wa kulia mpaka shavuni, akagusa mara mbili kwa vifundo vilivyobaki, akamwita.