Bidoni Moja Isiyotiwa Dawa

Umeme ukikatika Uvira, mabomba yanakauka, na mabomba yakikauka mtaa wetu mzima unashuka ziwani na bidoni, yaani madumu ya maji. Msimu ule wa kipindupindu mimi ndiye niliyesimama pale ufukweni, nimevaa aproni yenye madoa meupe, ndoo ya klori miguuni na bomba la sindano mkononi. Kila aliyechota alinifungulia kifuniko, nikapima dawa, nikaitia, nikamwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Nilikuwa mkali. Wapo waliojaribu kunikwepa na kuchotea nyuma ya mawe, nami niliwafuata nikiwakaripia kama mbuzi walioingia shamba la mihogo. Leo nikikumbuka ukali ule naona aibu, maana haukunisaidia siku nilipouhitaji.

Mama mdogo wangu, aliyemfuata marehemu mama kwa kuzaliwa, ndiye aliyenilea. Jumapili anaimba kwaya, siku nyingine anapika kasiksi, pombe ya ndizi. Nilipomtania juu ya hilo alisema Mungu hajawahi kumlalamikia. Asubuhi moja, ndizi zake zikiwa zimeshafika kutoka Lubarika na kuiva, alikuja kwenye foleni na bidoni tatu. Mbili alizifungua mwenyewe. Ya tatu aliisogeza karibu na mguu wake.

"Hii iko ya kasiksi," akasema kwa sauti ya chini. "Dawa yako inaua pombe, haichachi tena. Uniachie hii moja tu, mutoto wangu."

Alichosema kilikuwa kweli. Klori huizuia pombe kuchacha. Nami nikajifanyia hesabu yangu ya haraka: pombe itakaa siku kadhaa, itakuwa kali, hakuna mdudu atakayepona humo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake aliniuliza kama klori yangu inabagua ndugu. Nikaipungia mkono ile bidoni ipite. Ningemkatalia vipi mtu aliyeniogesha utotoni?

Nilichosahau ni mutobe. Kabla kasiksi haijawa kasiksi, ni maji matamu tu ya ndizi, ndiyo mutobe, yaliyokamuliwa kwa majani na kuongezwa maji. Na kabla ya kuyatia unga wa mtama ili yachache, kwetu lazima chungu kimoja kitengwe, kwa ajili ya watoto, walokole, na hasa mwanamke mwenye mimba, ambaye hupewa kwanza. Jambo hili nalijua tangu sijaota meno. Jioni ileile nilipitia kwa mama mdogo, aproni ikiwa begani, nikapewa kikombe changu, nikanywa, nikausifu. Binti yake mkubwa, dada yangu, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu. Wala sikushtuka. Nilikuwa mtu wa dawa kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, na baada ya hapo nilikuwa mtoto wa nyumba.

Kesho kutwa yake, asubuhi, aliharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama. Nilimpeleka kwa pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma, yeye kati yetu, kichwa chake kikinigonga kifuani kila tulipopita shimo. Katika kituo cha wagonjwa wa kipindupindu walimlaza kwenye kitanda kilichotobolewa katikati, wakamtundikia chupa za serumu mikono yote miwili. Muuguzi aliniuliza alikuwa amekunywa maji gani. Nikasema sijui. Nilijua vizuri sana, na nililisema hilo "sijui" nikimtazama machoni.

Kisha aliweka kile chombo chenye umbo la tarumbeta juu ya tumbo la dada, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Akakihamisha mara ya tatu. Mama mdogo alikuwa akimtazama usoni muda wote, na mimi nilikuwa natazama matone ya serumu, nayahesabu, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Dada alipona. Mtoto alizaliwa siku mbili baadaye, wa kike, hakulia.

Baada ya kumzika nilishindwa kula. Nilimfuata mama mdogo jikoni nikamweleza yote: ile bidoni, ule mutobe, na kwamba kosa ni langu, si lake. Nilitaka anitukane. Aliendelea kupepeta mchele mpaka nikamaliza.

"Tulikunywa sisi wote," akasema. "Minye niko muzima, weye uko muzima. Weye ni mutoto wangu, hauwezi kuniletea kifo mu nyumba. Ni ile dawa. Dada yako alikuwa anasema maji inanuka."

Nilimwambia ugonjwa ule huangusha mmoja ukamwacha mwingine, ndivyo tulivyofundishwa. Akaniambia ninyamaze, nimechoka. Akanipakulia chakula. Kwa mapenzi yake alikuwa amenisamehe kabla sijakosa, na hakuna neno nililoweza kulipenyeza hapo.

Wiki hiyohiyo alikuja ufukweni na bidoni zake, na safari hii hakufungua hata moja. Aliwaambia wanawake wa foleni kwamba klori ndiyo iliyoua mjukuu wake. Wakaanza kurudisha vifuniko, mmoja baada ya mwingine. Nilipaza sauti, nikaeleza, nikasihi. Lakini mwenye msiba alikuwa yeye, na maneno ya mwenye msiba hayapingwi hadharani. Nikamwomba basi nitie dawa japo ile moja atakayokunywa dada.

"Hiyo njo hautagusa," akasema, bila hasira.

Alijitwika, akapanda na njia ya mchangani, na wenzake wakamfuata. Dada alikuwa amebaki nyumbani, bado hana nguvu za kusimama, akisubiri maji ya kunywa.