Kanzu Haikunukia Kama Zamani

Alhamisi jioni, katika duka moja la Nyamirambo, mzee alitoa kanzu nyeupe kwenye mfuko aliobeba akaitandaza juu ya kaunta.

"Ubani wako umebadilika," alimwambia mama mwenye duka. "Marehemu mke wangu alikuwa ananifukizia kanzu ya Ijumaa. Sasa nafukiza mwenyewe, hainukii vile."

Mama akaisogeza puani. "Mbona iko sawa, mzee? Ubani ni ule ule, hata yeye alikuwa ananunua hapa hapa."

"Kuna kitu inakosa."

"Alikuwa anafukizia wapi?"

"Jikoni. Akishaweka chetezo chini ya kanzu, anaendelea kukaanga vitunguu vya chakula cha usiku."

Mama akainusa tena kanzu.

Mimi, mteja niliyesimama nyuma yake, nilikuwa nimefuata ubani wa mafua. Bibi zetu waliuamini utomvu huu kwa kila kitu: kikohozi, mbu, mzazi na kichanga chake. Wataalamu wa simuni nao wananitumia faida zake kila asubuhi, wala sijaona waliposema habari ya vitunguu.

Mzee aliikunja kanzu polepole, akiipangusa kila alipokunja.

"Nipimie tena ubani," alisema. "Na vitunguu."